Ruzuku za mazingira: duka lako halipewi, ila kikundi chako kinaweza kupewa

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu kama saba, kila mmoja kwa namna yake: "Dada, nasikia kuna hela za mazingira zinatolewa na hazirudishwi. Mimi nina duka, naombaje?" Mwingine ana genge, mwingine banda la chips. Mmoja ameshaandika barua kabisa, kaigonga na muhuri wa duka. Nikaona niandike kwa kirefu mara moja, kwa sababu kosa hilo mimi nimelifanya kabla yenu.

Jibu fupi ni hili. Hela zipo kweli. Ila duka halipewi, genge halipewi, na wewe kama wewe hupewi. Anayepewa kwa kawaida ni kikundi cha wanajamii au asasi iliyosajiliwa, yenye kazi ya mazingira inayoonekana. Wewe mfanyabiashara unaweza kuwa ndani ya kikundi hicho, tena unaweza kukisaidia sana. Lakini kuwa ndani ya kikundi na kukigeuza kikundi kuwa duka lako ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo mimi nilipoanguka.

Tuanze na hela yenyewe inatoka wapi. Inayojulikana zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, wenyewe huiita GEF-SGP. Ilianza 1992, mwaka ule ule wa mkutano mkubwa wa mazingira wa Rio de Janeiro, na inasimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Imeshafika nchi zaidi ya 120, Tanzania ikiwemo. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja ya kawaida kilikuwa dola 50,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mia moja za kwetu. Najua hapo macho yameshatoka. Tulia. Hicho ni kikomo, siyo kiwango cha kila anayeomba, na kikundi kichanga kikiomba kikomo kinajichongea chenyewe. Kuna pia ruzuku ndogo ya kuandaa mradi, ambayo imekuwa haizidi dola 5,000, ya kusaidia kikundi kuchunguza eneo, kukaa na wanakijiji na kuandika andiko la mradi lenye kueleweka. Hii wengi hawaijui, na kwa kikundi kinachoanza ndiyo mlango mzuri.

Siyo hiyo peke yake. Kuna Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, EAMCEF, ulioanzishwa 2001 na wenye makao Morogoro. Kuna Mfuko wa Misitu Tanzania uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Na kila mfuko una masharti yake. Kwa mfano kuna mmoja wa kimataifa, CEPF, unaosaidia maeneo yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingine duniani. Huo umekuwa ukikubali hata kampuni binafsi, lakini kampuni iliyosajiliwa kweli, siyo meza ya nyanya. Na hela yake huruhusiwi kununulia ardhi. Kwa hiyo sheria namba moja: soma masharti ya mfuko unaouomba, usisome ya mfuko wa jirani.

Sasa niwaambie yaliyonikuta.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Pangani, ufukweni kabisa, mikoko iko nyuma ya nyumba za watu. Duka langu ni la kawaida: unga, sukari, sabuni, vocha, maji, na mkaa wa kopo pale mbele. Mwaka juzi kijana mmoja akanionyesha tangazo la ruzuku kwenye simu. Nikaona neno dola, nikapiga hesabu ya friji jipya kabla sijamaliza kusoma. Usiku ule ule nikakusanya watu 11: wifi yangu, majirani, na vijana wa bodaboda wanaoegesha dukani. Mwenyekiti mimi. Mhazini wifi. Katibu mimi tena, maana hakuna mwingine aliyetaka kushika kalamu. Sehemu ya akaunti nikaandika namba yangu ya simu. Mradi ukawa kupanda mikoko 20,000 na "kununua vifaa vya ofisi". Humo ndani ya vifaa vya ofisi ndimo nilimoliweka friji.

Miezi miwili baadaye akaja mama mmoja mtu mzima kutoka kwa watoa ruzuku, kututembelea. Tukakaa kwenye benchi mbele ya duka.

"Mwanangu, kikundi kinakutania wapi?"

"Hapa hapa dukani, mama."

"Naomba nione daftari la mihutasari."

Nikaingia ndani nikatoka na daftari la madeni, kwa sababu majina ya wanakikundi nilikuwa nimeyaandika kurasa za nyuma. Yeye akafungua kuanzia mbele. Akasoma nani namdai sukari nusu, nani namdai mafuta ya kupima, akafunua taratibu mpaka akafika kwenye yale majina 11 yasiyo na tarehe. Akafunga. Akaniuliza: pale mnapotaka kupanda, mikoko ya mwanzo ilikufa kwa nini? Nikamjibu haraka, watu wanakata. Wanakata ya nini? Nikasema boriti na mkaa.

Akaangalia makopo ya mkaa yaliyopangwa nyuma yangu. Hakusema neno. Akanunua maji ya mia tano, nikakataa hela yake, akaiweka juu ya kaunta akaondoka.

Jibu lilipokuja lilikuwa la kistaarabu, ila lilisema wazi kwamba hatuna sifa. Nilikasirika wiki nzima. Nilisema wana watu wao, nilisema ni rushwa, nilisema mengi ambayo sasa naona aibu kuyakumbuka. Mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale diko, ndiye aliyenikalisha. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ulipeleka duka ukalivisha kanga ya kikundi."

Basi nikaanza kujifunza upya, na haya ndiyo nimeyaelewa.

Neno kikundi kwao lina uzito. Wanataka kuona watu waliokuwa pamoja kabla ya tangazo kutoka. Wanataka katiba inayosema lengo, na mazingira yawe ndani ya lengo hilo, siyo yameongezwa kwa peni jana yake. Wanataka cheti cha usajili. Kwetu Tanzania kikundi kidogo huanzia kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, barua inapanda mpaka kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ukitaka kuwa NGO kamili hiyo ni njia nyingine, chini ya Sheria ya NGO ya 2002, na kwa wengi wetu ni mzigo mkubwa kuliko tunavyohitaji. Wanataka akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja, wasiokuwa ndugu wa nyumba moja. Namba ya simu ya mwenyekiti siyo akaunti ya kikundi. Nimeshasema, mimi na wifi yangu tulikuwa serikali nzima.

Hapo kuna jambo liliwachanganya akina mama wa kwetu. Walikuwa na VICOBA yao ya miaka minne, cheti safi, vitabu vimenyooka. Wakadhani hicho kinatosha. Afisa akawaeleza kuwa cheti kile ni cha kuweka na kukopa, kwa hiyo ni bora wasajili kikundi tofauti ambacho katiba yake inataja mazingira, wanachama wakiwa wale wale. Historia yao haikupotea. Walikuwa wameshapanda mikoko kwa hela yao ya mfukoni misimu miwili na wanasafisha ufukwe kila mwisho wa mwezi, na kijiji kiliwaandikia barua ya kuthibitisha. Kumbe ushahidi mzuri wa kikundi ni kazi mliyofanya wakati hakuna hela.

Jambo la pili ni mada na mahali. Programu ya GEF ina maeneo yake ya kazi: bayoanuai, mabadiliko ya tabianchi, uharibifu wa ardhi, maji yanayovuka mipaka ya nchi, na kemikali pamoja na taka. Bayoanuai ni neno la kutisha ila maana yake ni aina zote za viumbe hai wa mahali na namna wanavyotegemeana. Kisha kila nchi ina mkakati wake wa kipindi, unaotaja ni mandhari zipi na mambo gani yatapewa kipaumbele. Unaweza kuwa na kikundi safi na wazo zuri, lakini eneo lenu halimo kwenye mkakati wa kipindi hicho, mkakataliwa bila kosa lolote. Kwa hiyo tangazo likitoka, kabla ya kuandika chochote tafuta ule mkakati.

EAMCEF ndiyo mfano mzuri wa mahali. Mfuko ule uliundwa kwa ajili ya milima: Usambara, Pare, Nguru, Uluguru, Udzungwa na mingine ya safu ile. Mimi wa Pangani nikiomba kule napoteza karatasi. Lakini kaka yangu anayeuza vifaa vya ujenzi Amani, kule Muheza, ameshikana na msitu wa Usambara Mashariki. Milima ile ndiyo asili ya ile violeti ya Afrika ambayo Wazungu wanaipanda kwenye vikopo madirishani kwao. Yeye ana nafasi ambayo mimi sina, ingawa tuko mkoa mmoja wa Tanga.

Sisi wa baharini tuna ya kwetu. Mwambao huu ndio wavuvi walianza kunasa silikanti kuanzia 2003, yule samaki ambaye wataalamu waliamini alishatoweka tangu enzi za mijusi mikubwa mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini 1938. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikatangazwa 2009. Na mbele ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa bamvua likija, na kasa bado wanapanda kutaga pale. Mayai yasipohamishwa, maji yanayaharibu. Ukiandika andiko la bayoanuai, vitu kama hivi ndivyo vya kutaja, kwa jina na kwa mahali. "Kuhifadhi mazingira yetu mazuri" kila mtu anaandika.

Jambo la tatu liliniumbua kuliko yote: ardhi ni ya nani? Mimi niliandika tutapanda mikoko "eneo la wazi ufukweni". Kumbe misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Huwezi kuingia na mradi bila wao kujua, hata kama nia yako ni kupanda. Unahitaji barua yao, na unahitaji muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoonyesha wananchi walikaa wakakubali, pamoja na wale watakaozuiwa kukata au kupitisha ng'ombe. Nilipokwenda TFS safari ya pili sikukuta ugumu niliodhani. Nilikuta mtu aliyenipa somo la bure.

Somo lenyewe ni hili. Kupanda mikoko siyo kuchomeka vijiti popote penye tope. Kila aina ina mahali pake kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka. Mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama kalamu, watu wanaupenda kwa sababu mbegu zake unaokota na kuchomeka siku hiyo hiyo. Wanaupanda chini sana, mahali maji hayaondoki, nusu mwaka yote imekufa. Mchu unavumilia chumvi na hali tofauti. Na kama maji yalizibwa na tuta la barabara au chumvi, kwanza fungua maji. Yakipita vizuri, mbegu zinaweza kujipanda zenyewe. Ndiyo maana yule mama aliniuliza ile ya mwanzo ilikufa kwa nini. Nilidhani ni swali la kupiga soga. Lilikuwa swali la sifa: kama hujui ugonjwa, hupewi dawa. Andiko letu jipya linazungumzia miche 3,000 kwenye sehemu mbili tulizotembea na bwana misitu, siyo 20,000 ya kwenye ndoto.

Sasa mchango. Karibu programu hizi zote zinataka jamii iweke chake, na GEF-SGP inahesabu hela taslimu na vitu au nguvu kazi pia. Hapa sisi wafanyabiashara ndio tuna msaada mkubwa, maana tunajua kuthaminisha. Akina mama walikuwa wameandika "tutachangia nguvu zetu". Nikawaambia nguvu ina bei. Watu 20, siku 2 kwa mwezi, kwa 5,000 ya kibarua hapa kwetu, ni 200,000 kwa mwezi. Miezi 12 ni 2,400,000. Chumba cha stoo ninachowapa bure ningekipangisha 20,000 kwa mwezi, mwaka ni 240,000. Boti ya wavuvi siku 10 kwa 30,000 ni 300,000. Jumla 2,940,000, na hakuna aliyetoa noti. Lakini ukiandika hivyo lazima uweze kuonyesha: daftari la mahudhurio lenye saini kila siku ya kazi, na barua ya mwenye boti. Usitie chumvi, ukaguzi ukija utatafuta siku hizo moja moja.

Na hela hazimwagwi zote kwa mkupuo. Kuna kamati ya kitaifa inayopitisha maombi, wengi wao si watu wa serikali. Ukipita unasaini mkataba, unapewa awamu ya kwanza, unafanya kazi, unapeleka ripoti na risiti, ndipo inakuja nyingine. Wenye tabia ya kuzungusha hela ya mtu kwenye mzigo wa duka "nitarudisha mwisho wa mwezi", hii haiwafai. Nawafahamu, hata mimi nimo.

Wengine mnachanganya ruzuku na ile asilimia 10 ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ile ni mkopo usio na riba. Unarudishwa, na unaruhusiwa kufanyia biashara ya kupata faida. Kama unachotaka ni mtaji wa kuongeza mzigo, nenda huko na kikundi chako, usijifanye mpenda kasa.

Je, biashara hairuhusiwi kabisa ndani ya ruzuku? Inaruhusiwa, kama kipato chenyewe kinapunguza uharibifu. Mizinga ya nyuki kwenye mikoko inakubalika, kwa sababu mwenye mzinga hataki mti ukatwe. Majiko banifu yanakubalika, maana kuni zinapungua. Kaushio la dagaa la jua pia. Swali wanalouliza ni moja: hiki kipato kikikua, mazingira yanapona au yanaumia? Friji langu halikuwa na jibu.

Na hapo tunarudi kwenye duka langu, sehemu ambayo nimeisita sana kuiandika.

Akina mama walipokubali niingie kwenye kikundi chao, walinipa masharti mawili mbele ya watu. La kwanza, nisiwe mwenyekiti wala mhazini. Nikawa katibu msaidizi, naandika vitabu. Pia kitu chochote ambacho duka langu linauza na kikundi kinataka kununua, zitafutwe bei sehemu tatu na mimi nitoke nje wakati wa kuamua. Imeandikwa kwenye muhtasari. Kwa wenye maduka hii ni muhimu mno: ukiwa kiongozi wa kikundi halafu wewe ndiye muuza sepeto, mifuko ya miche na chakula cha mkutano, mkaguzi ataliita jina lake, hata kama bei yako ilikuwa ya chini. Tangaza mapema, andika, toka nje.

Sharti la pili lilikuwa mkaa. Mama mmoja anayekaanga samaki, mteja wangu wa miaka, alisimama akasema, "Mwanangu, sisi tunapanda mchana, wewe unauza usiku. Huo mkaa wako unatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Unaletwa na boti alfajiri, mimi nauliza bei tu. Nikamuuliza mleta mkaa kuhusu TP, kile kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Akacheka. Siku mbili baadaye hakurudi, akaanza kumpelekea jirani yangu.

Mkaa ulikuwa unaniingizia kama 90,000 kwa mwezi, na kodi ya fremu ni 70,000. Piga hesabu mwenyewe. Anayekuja kununua mkaa ananunua na kiberiti, na nyanya, na chumvi. Tangu niache ni mwezi wa saba, na wateja wa jioni wamepungua, naona kwa macho. Nimejaribu mkaa mbadala wa vumbi na mabaki, unakwenda polepole, watu wanalalamika hauwaki haraka. Kuna siku nafunga mapema kwa hasira. Lakini pia najua wateja wangu wakubwa ni wachuuzi wa kamba na kaa, na kamba anakulia kwenye mikoko. Msimu kamba walipoadimika, daftari langu la madeni lilijaa mpaka jalada. Kwa hiyo hesabu yangu ina pande mbili na bado sijaifunga.

Mtu asikudanganye kwamba lazima uwe malaika ndipo uombe. Hakuna aliyeniambia niache mkaa kwa barua. Ila sifa inakaguliwa kwa macho pia, na kijiji kinaongea.

Mwisho, matapeli. Mwaka huu kuna mtu kapita vijiji vya huku anauza "fomu ya ruzuku ya UNDP" kwa 30,000, na akitaka 150,000 anasema anakuandikia andiko "la uhakika". UNDP haitozi hela hatua yoyote, si fomu, si usajili, si kuharakisha. Matangazo yanatolewa wazi na bure. Ukimlipa mtu akuandikie ni makubaliano yenu, ila yule mama wa kwenye benchi atakapokuja hatamuuliza mwandishi, atakuuliza wewe. Vikundi viwili ninavyovijua vilinunua andiko moja, limebadilishwa jina la kijiji tu. Kimoja kilikuwa milimani na andiko lilizungumzia kasa.

Sisi tumepeleka ombi la ile ruzuku ndogo ya maandalizi, bado hatujajibiwa. Tuko 23, wanawake 17. Mkutano ni kila Jumanne saa kumi, baada ya samaki kuisha, chini ya mkungu wa ofisi ya kijiji. Daftari la mihutasari anakaa nalo katibu, nyumbani kwake, siyo dukani. Wa Muheza, Lushoto, Kilosa na Kilombero mlio jirani na misitu ya milima, anzieni kwa afisa misitu wa wilaya mumuulize kama kijiji chenu kimo kwenye eneo la mfuko, na nendeni na katiba ya kikundi mkononi, maana hicho ndicho kitu cha kwanza atakachoomba kuona.